Mayai ya Mamba: maswali mnayoniuliza tangu riwaya itoke

Maswali haya nimeulizwa kwenye kivuko cha Kamanga, nimeulizwa msibani, na siku moja nimeulizwa pale mwalo wa Kirumba nikiwa nimeinama nachagua dagaa. Nayajibu hapa ili nikiulizwa tena niwe na pa kumwelekeza mtu. Ambaye hajamaliza kusoma aruke swali la jicho la Nyanzala.

Kwa kifupi, riwaya inahusu nini?

Mwanza, Julai 1906. Daktari wa Kijerumani anayeitwa Robert Koch, ambaye miezi saba tu nyuma alipewa Tuzo ya Nobel, anafika ziwani kutafuta tiba ya malale. Watu watatu wa hapa wanaajiriwa kwenye msafara wake: Nyanzala, msichana wa miaka kama kumi na tano, Mabula, kijana ambaye babu yake alikuwa mpagazi, na mpiga kasia wa Ukerewe ambaye kila mtu anamwita Mzee Kasia. Kazi yao inaanza na kubeba maji. Inaishia kufukua viota vya mamba kwenye visiwa vya Sese.

Mwalimu, Koch alifika Mwanza kweli, au umetutia chumvi?

Alifika. Lengo lilikuwa kuutafiti ugonjwa upande wa koloni la Wajerumani, lakini hapa Mwanza hakupata wagonjwa wa kutosha kwa utafiti wake. Kwa ruhusa ya Waingereza akavuka kwenda Sese, upande wa Uganda, ambako watu walikuwa wanakufa kwa maelfu. Aliweka kambi kisiwa cha Bugala tangu Agosti 1906, akabaki huko zaidi ya mwaka. Alikuwa na umri wa miaka 62.

Wala hakuwa mgeni wa nchi hii. Mwaka 1905 alikuwa huku akichunguza homa ya papasi. Wale papasi waliojificha kwenye vumbi la vibanda vya kulala wapagazi, kwenye njia za misafara, ndio aliowapasua akakuta vijidudu vya homa ndani yao, hadi ndani ya mayai yao. Sura ya pili nimeianzia hapo, kwa sababu babu yake Mabula amelala kwenye vibanda hivyo miaka thelathini na anajua kuhusu papasi mambo ambayo daktari anayagundua kwa hadubini.

Nani wa kweli na nani wa kutunga?

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi.

Wa kweli: Koch mwenyewe, na msaidizi wake Friedrich Karl Kleine. Wanatajwa pia Aldo Castellani, aliyeona vijidudu vya malale kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa kule Entebbe, na David Bruce, aliyefika huko mwaka 1903 na kuonyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi. Kwenye masimulizi ya babu wanatokea John Hanning Speke, msafiri wa Kiingereza, na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay.

Wa kutunga: Nyanzala, Mabula, babu, Mzee Kasia, yule karani wa boma anayependa kukohoa kabla ya kusema uongo, na wagonjwa wote wenye majina.

Nilijiwekea sharti moja. Mtu wa kweli simpeleki mahali ambapo hakufika, wala simfanyishi jambo zito ambalo kumbukumbu zinalikana. Koch kwenye kitabu changu anasema maneno machache mno, mengi yakiwa ya kuomba kitu: maji, taa, kimya. Msomaji mmoja alilalamika kwamba nimemfanya kama bubu. Kweli, na nilikusudia. Nikimwekea hotuba ndefu mdomoni, kesho kuna mtoto wa sekondari atainakili kwenye daftari kama maneno ya Koch.

Lakini wale waliopiga kasia? Taarifa za safari za zama zile zinamtaja daktari kwa jina, na hadubini kwa jina la kiwanda chake, halafu zinasema "wapagazi" na idadi yao. Hapo penye idadi ndipo nilipoingia. Sikuona haja ya kumbadilisha Koch hata kidogo wakati kulikuwa na mtumbwi mzima wa watu ambao hakuna aliyewauliza jina.

Jina Nyanzala limetoka wapi?

Kwa Wasukuma ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Nilipiga hesabu kurudi nyuma: msichana wa miaka kumi na tano mwaka 1906 amezaliwa karibu 1891, na ndiyo miaka ambayo sotoka ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Mwaustria mmoja mwanajiografia, Oscar Baumann, alipita Umasaini na kufika pwani ya ziwa letu mwaka 1892, akakuta wafugaji waliobaki mifupa kwa njaa. Kwa hiyo sikumchagulia jina. Mwaka wake wa kuzaliwa ulimchagulia.

Speke anaingiaje, wakati yeye alifika 1858?

Anaingia kwa mdomo wa babu. Agosti 3, 1858, Speke alilitazama ziwa hili kwa mara ya kwanza, karibu na hapa tulipo, baada ya mwendo wa siku ishirini na tano kutoka Kazeh, yaani Tabora. Mwenzake Richard Burton alibaki Kazeh anaumwa. Babu yake Mabula nimempa umri wa kijana wa miaka kumi na minane mwaka ule, mzigo wa shanga kichwani.

Kuna kitu kimoja alichofanya Speke ambacho nilikisoma nikaweka kalamu chini: alichemsha maji, akatumbukiza kipimajoto, na kwa joto hilo akakisia ziwa liko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda. Hapa Mwanza, mita kama 1,134 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi karibu 96, si 100. Jibu lake lilikuwa futi 3,740, yaani mita 1,140. Amekosea kwa urefu wa nyumba ya ghorofa moja, kwa sufuria na kipimajoto!

Sasa mtazame babu, kijana, amechoka, miguu imepasuka, amekaa kando ya moto. Mzungu amechemsha maji. Hatii majani wala unga. Anayatazama tu yanavyotokota, anaandika, kisha anayamwaga. Babu amelisimulia hilo miaka arobaini na minane na bado linamkera: kuni zilitafutwa na yeye.

Na yule Bombay?

Bombay ni wa kweli kabisa, na kama kuna mtu anayestahili riwaya yake peke yake ni huyo. Myao, alikamatwa akiwa mtoto akauzwa utumwani, akapelekwa India, akarudi akiwa mtu huru anayejua Kihindustani. Lugha hiyo ndiyo aliyozungumza na Speke. Alikuwa mkalimani wake safari zote mbili, akaenda na Stanley mwaka 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron hadi upande wa Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha. Nimempa kurasa nne tu kwa sababu nilimwogopa. Kila nilipomwacha aseme alitaka kuniibia kitabu.

Kisa cha mdudu sikioni hakiaminiki. Kwa nini hukukitoa?

Kwa sababu ni cha kweli! Mdudu aliingia sikioni mwa Speke usiku huko ziwa Tanganyika, akajaribu kumtoa kwa kisu kidogo, akajijeruhi na kuishi na uziwi wa sikio hilo. Mimi nisingethubutu kutunga kitu kama hicho, mhariri angekikata.

Biashara ya mayai ya mamba ni ya kweli?

Bei ya hela tatu kwa yai nimeitunga. Wazo lenyewe ni la Koch.

Alikuwa anajiuliza mbung'o wa ziwani anaishi kwa damu ya nani pale ambapo watu ni wachache. Akapasua matumbo ya mbung'o akaitazama damu iliyomo. Hapa pana kitu kizuri sana: chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina kiini, za mamba zinacho. Ukiweka tone chini ya hadubini huhitaji kubahatisha. Koch akakuta damu ya mamba. Akapendekeza kwamba pamoja na kufyeka vichaka vya pwani, mamba nao wauawe na mayai yao yaharibiwe, ili mbung'o akose chakula.

Niliposoma hapo nilijua jina la kitabu. Maana pendekezo kwenye karatasi ni mstari mmoja, lakini yai la mamba lazima mtu alifukue kwa mikono. Mamba jike anachimba shimo mchangani, anataga mayai hamsini hivi, anayafunika, kisha anakaa karibu miezi mitatu akilinda. Watoto wakikaribia kutoka wanalia wakiwa bado ndani ya yai, chini ya mchanga, na mama anasikia. Sura ya tisa, Nyanzala amelala kifudifudi, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, anagusa yai la kwanza, na hapo hapo mchanga unaanza kulia. Sura hiyo niliiandika mara sita.

Kuhusu hela: Wajerumani walikuwa na rupia, na kuanzia 1904 rupia moja iligawanywa kwa heller mia. Neno tunalotumia kila siku mfukoni, hela, ni sarafu hiyo hiyo. Mlioniambia nimetumia neno la mtaani kwenye riwaya ya kihistoria, pole zenu.

Dawa ya sindano kwenye kitabu ilikuwepo?

Ilikuwepo, ikiitwa atoksili, dawa yenye aseniki. Jina lake maana yake "isiyo sumu". Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool walikuwa wameonyesha kwamba inawaondoa vijidudu kwenye damu ya wanyama wa maabara, na Koch akaileta Sese kwa ajili ya watu.

Mwanzoni ilionekana muujiza. Mtu aliyebebwa kwenye machela, asiyeweza kufungua macho, baada ya wiki chache anatembea. Habari zikaenea visiwani na watu wakaja kwa mamia. Kambi ilifikia kutibu zaidi ya wagonjwa elfu moja. Kumpima mtu, walichoma sindano kwenye tezi za shingo, wakachukua majimaji kidogo, wakayatazama. Ndiyo maana kwenye kitabu watu wanajishika shingo kila wanapokutana na daktari.

Kisha vijidudu vikaanza kurudi. Koch akaongeza dozi hadi gramu moja kwa mara. Sindano ziliuma mno, wengine wakatoroka kambini. Na zaidi ya wagonjwa ishirini wakapofuka, maana dawa ile huua mshipa wa fahamu wa jicho. Hao hawakuona tena.

Kwa hiyo jicho la Nyanzala...

Ndiyo. Linatokana na hilo. Walionililia kwa nini nisimponyeshe: nilijaribu. Niliandika mwisho mwingine ambamo anaanza kuona mwanga kidogo asubuhi moja akiwa Ukerewe. Nikamsomea dada yangu, ambaye ni nesi. Akaniuliza, "Wale wengine nao walipona?" Nikaichana karatasi.

Unamtetea Koch au unamshtaki?

Mlionitumia ujumbe wa hasira mmegawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo naona nimekaa pazuri. Uganda peke yake makadirio ni kwamba malale iliua watu zaidi ya 200,000 miaka ile ya mwanzo wa karne. Hakuna aliyekuwa na dawa nyingine. Mzee wa miaka sitini na zaidi, mwenye nishani zote, alikaa kwenye hema kisiwani akitazama damu kuanzia asubuhi hadi jua lizame. Hilo ni kweli.

Ni kweli pia kwamba dozi ile isingepandishwa namna ile kwa wagonjwa wa Berlin. Na alipendekeza wagonjwa watengwe kwenye kambi maalumu. Waingereza nao waliwahamisha watu kwa nguvu kutoka pwani, na visiwa vya Sese vikahamwa kabisa mwaka 1909. Mzee Kasia, anayepita karibu na kisiwa ambako alioa, anakuta migomba inaliwa na nyani. Hasemi kitu. Nami sikumtilia neno.

Nimekuta kosa. Nikwambie?

Niambie, lakini huenda nimeshaambiwa. Haya yameshasahihishwa kwenye chapa ya pili.

La kwanza, na linaniumiza: kwenye chapa ya kwanza Nyanzala anakaanga sangara. Mimi nimekulia Mwanza, kwangu ziwa bila sangara ni kama ugali bila maji. Mzee mmoja mvuvi, msomaji wangu, alinipigia simu, hata salamu hakungoja nimalize: "Mwalimu, shikamoo ya kwako baadaye. Sangara 1906 alitoka wapi?" Alikuwa sahihi. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950. Nikakimbilia sato. Akacheka: sato huyu tunayemla leo naye aliletwa miaka hiyo hiyo. Wenyeji ni ngege na mbiru, na furu wa kila rangi. Kwa hiyo sasa Nyanzala anakula ngege, aliyetegwa kwa mgono.

La pili, magugu maji yaliyowazuia njia kule ghuba ya Speke. Yameingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Yametoka, sasa wanakwama kwenye mafunjo.

La tatu, garimoshi. Nilimfikisha Koch Mwanza kwa treni. Reli ya kwetu kutoka Tabora ilifika 1928. Mwaka 1906 njia ya haraka kutoka pwani ilikuwa reli ya Waingereza, Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani Desemba 1901, kisha meli. Fikiria: kwenda koloni lako mwenyewe unapitia kwa jirani. Ilinibidi niandike upya sura nzima, na nafikiri ni bora kuliko ile ya kwanza.

Mbona watu wako hawasemi "Ziwa Viktoria"?

Kwa nini waseme? Hilo ni jina la malkia aliyepewa zawadi ya ziwa ambalo hakuwahi kulitia mguu. Kwenye kitabu Wasukuma wanasema Nyanza, wafanyabiashara wa pwani wanasema ziwa la Ukerewe, Waganda wanasema Nalubaale, na mvuvi Mjaluo wa sura ya sita anasema Nam Lolwe. Wazungu peke yao wanasema Viktoria. Kuna mahali wote wanne wamo kwenye mtumbwi mmoja wanabishana wako wapi.

Wasukuma wa 1906 walizungumza Kiswahili hivyo?

Bomani, sokoni na kwenye misafara, ndiyo. Wajerumani waliendesha utawala kwa Kiswahili, na wapagazi walikuwa wamekibeba kutoka pwani zamani. Nyumbani, hapana. Kwa hiyo wakiwa peke yao chukulia wanazungumza Kisukuma, nami nimekutafsiria. Nimeacha "ng'wangaluka" ya asubuhi kwa sababu hakuna "habari za asubuhi" inayoweza kukaa mahali pake. Mabula anamwamkia babu yake kwa kuinama, na babu hajibu upesi. Waliokulia huku wanajua kwa nini hajibu upesi.

Naweza kuitumia darasani kufundisha historia?

Tumia, ila mtihani usimtaje Mabula. Kuna shule moja walitunga swali la "taja sababu tatu za Mabula kwenda Sese". Nilicheka, kisha nikaogopa.

Naweza kwenda kuona mahali pa riwaya?

Mengi yako hapa hapa. Mwamba wa Bismarck unaonekana ukiwa kivukoni. Ni pale Mzee Kasia anapofunga mtumbwi. Kageye, ambako Stanley alifikia mwaka 1875 na mashua yake ya vipande, ni mwendo wa gari upande wa ghuba ya Speke. Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, ndiko nilikoshika ngoma ambayo babu anapigiwa kwenye mazishi. Bugala ni mbali, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mwanza kuvuka maji, na leo utapitia Uganda. Mimi nilikwenda mara moja. Mchana, kando ya maji, kuna kivuli kizito cha miti, na unajikuta unajipiga shingoni bila kung'atwa na kitu.

Kitabu cha pili kipo?

Kipo kichwani, na sura moja iko mezani. Ni cha Kleine. Koch aliondoka mwaka 1907 na kufariki Mei 1910, lakini Kleine alirudi ziwani. Hadi wakati huo wengi waliamini mbung'o anabeba vijidudu mdomoni tu, kama sindano chafu. Kleine aliendelea kuwalisha wale wale mbung'o, siku baada ya siku, muda mrefu kuliko mwenye akili timamu angevumilia, akaona kwamba baada ya karibu wiki tatu wanaanza kuambukiza upya: vijidudu vinakua ndani yao. Alilitangaza mwaka 1909.

Wiki tatu hizo, mtu fulani alikuwa anawakamata hao mbung'o, anawaweka kwenye vyombo, anawahesabu kila jioni. Mabula sasa ana miaka ishirini na hana kazi. Nimemkalisha mlangoni mwa maabara, amebeba wavu, na bado sijajua kama ataingia.